Utepe wa Buluu

4 Februari

Mwanangu Kifungo,

Pasipoti imetoka! Picha yake mbaya, naonekana kama mwanamke anayetafutwa kwa wizi wa mbuzi, lakini dada yako anasema askari wa uwanja wa ndege wamezoea, picha za pasipoti zote hutoka hivyo. Wewe ndiye uliyesema, "Mama, siku ukipata pasipoti, njoo unione." Ulisema hivyo kwa sababu ulijua mama yako haachi cherehani yake. Basi nimeiacha. Dada yako nimempa ufunguo wa duka, wateja nimewaambia kwamba asiyechukua gauni lake kabla ya mwezi wa nne atalivaa mwakani, na sanduku nimekwisha kuliteremsha kutoka juu ya kabati. Liko katikati ya chumba. Kila nikiamka najikwaa nalo.

Niandikie jinsi mtu anavyojiandaa kuja huko. Mimi Afrika Magharibi naijua kwenye redio tu. Usihangaike na simu. Kambini kwenu mtandao haukamatiki, na hata ukikamatika, sikio langu baada ya miaka yote hii ya cherehani linaisikia simu kama nzi ndani ya chupa. Mfuko wa barua wa kampuni yenu ya visima, unaokuja na ndege mpaka ofisi yao ya hapa mjini, unatosha. Yule mlinzi wa ofisini akiniona nakuja tu, anaingia ndani kunitafutia.

Halafu mwandiko wako umekuwaje? Barua zako za siku hizi zinalala upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Wewe, uliyepewa zawadi ya mwandiko shuleni!

Na nipe vipimo vyako, siwezi kuja mikono mitupu. Unaikumbuka asubuhi ile unaondoka, teksi inapiga honi nje, nami nimekushika mlangoni nakupima, nawe unacheka? Nilikuambia, "Nenda, lakini urudi na inchi zako zote." Miaka sita imepita. Sasa nakuja kuzihesabu mwenyewe.

Mama yako, mwenye haraka

*

13 Februari

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeipata nikaisoma nimesimama. Nimefurahi. Sikutegemea ungeipata pasipoti mapema hivi.

Kujiandaa si jambo la siku moja. Kwanza kuna chanjo ya homa ya manjano. Bila kadi yake ya njano hupiti mlango wa uwanja wa ndege, hata ulie. Zikitimia siku kumi baada ya sindano ndipo kadi inahesabika, kwa hiyo usingoje dakika ya mwisho. Kisha dawa ya kukinga malaria. Hiyo unaanza kuimeza kabla hujaondoka, unaendelea ukiwa huku, na ukirudi nyumbani bado unameza kwa muda. Wengi huiacha wakishafika, wakiona mbu hawaonekani. Mbu wa huku hawabishi hodi. Njoo na chandarua kilichotiwa dawa, na mafuta ya kujipaka jioni. Nguo ziwe za pamba, nyepesi, lakini za mikono mirefu kwa ajili ya mbu wa jioni. Viatu vya wazi jozi moja, vya kufunika jozi moja. Pakiti chache za ile chumvi ya kurudisha maji mwilini, maana tumbo la mgeni halina heshima.

Nakushauri lakini usije mwezi wa nne. Joto la wakati huo linakaribia mvua, hewa inakuwa nzito, mtu anakaa kama yuko ndani ya sufuria iliyofunikwa. Halafu mvua zenyewe zikianza, barabara ya kuja kambini inakuwa tope tupu. Ungengoja mwezi wa kumi na moja, Mama. Mambo yatakuwa yametulia.

Vipimo vyangu ni vile vile vya zamani. Sijanenepa wala sijakonda. Mwandiko usikutie wasiwasi, meza yangu hapa ina mguu mbovu.

Msalimie dada.

Kifungo

*

24 Februari

We Kifungo,

Mwezi wa kumi na moja! Unaniambia mimi joto, kwani nilizaliwa kwenye friji? Chumba changu cha kushonea kina bati juu na pasi ya mkaa chini, na bado nimewalea ninyi wawili humo. Mwezi wa nne nakuja.

Chanjo nimeshachoma. Usicheke. Muuguzi aliniuliza umri, nikamwambia hamsini na tano, kama ninavyowaambia watu siku zote. Akafungua pasipoti. Akaniangalia mimi, akaiangalia pasipoti, akasema, "Bibi, hapa pameandikwa sitini na mbili." Nikamwambia pasipoti imekosea. Kumbe aliyevuka sitini hachomwi hivi hivi tu, ni mpaka daktari amwangalie kwanza, amuulize na magonjwa yake. Nikakalishwa kwenye benchi mpaka jua likageuka, nikapimwa presha, nikaulizwa mambo ambayo hata marehemu baba yako hakuwahi kuniuliza. Mwishoni daktari akasema moyo wangu ni wa msichana. Nikamwambia yule muuguzi, "Umesikia?"

Lakini sindano yenyewe! Mkono wa kushoto umevimba, siunyanyui. Siku tatu sijakata kitambaa. Chaki naishika kwa huu, kitambaa kinanikimbia. Nikishika kitambaa, mkasi sina wa kuushika. Kuvaa blauzi mpaka dada yako aje. Nimemwambia mwenye mkono mmoja ni nusu mtu, bora wangenichoma mguuni. Dada yako anasema nadeka.

Haya, vipimo. Umeniandikia "vile vile vya zamani," yaani namba hata moja hukuandika. Mimi ni fundi, mwanangu. Hakuna mwanamume aliyeondoka kijana akakaa miaka sita anachimba visima, asibadilike hata shingo. Hujajipima, umeona uvivu. Basi nimekuwekea tepe za kitambaa humu ndani, kama tulivyofanya zamani kwa wateja wa mbali wasiokuwa na futi. Kila utepe na kazi yake. Mweupe ni shingo, mwekundu kifua, mweusi kiuno, kijani ni mguu. Wa njano ni mkono wa kulia, kuanzia begani mpaka mwisho, na wa buluu ni mkono wa kushoto vile vile. Weka utepe mwilini, ukifika mwisho wa kipimo, kata. Mikono naipima yote miwili kwa sababu winchi na mabomba humvuta mtu upande mmoja. Baba yako bega lake moja lilishuka kwa kubeba magunia.

Zirudishe haraka. Kitambaa nimeshanunua.

Mama yako

*

5 Machi

Mama, shikamoo.

Nimefikiri sana, naona safari hii tuiache. Kambi si mahali pa mama wa umri wako. Tunalala kwenye makontena, choo kiko mbali, na nyoka wapo. Hospitali ya maana ni mwendo wa nusu siku. Watu wote wanasema Kifaransa na lugha zao, utakaa kama bubu toka asubuhi mpaka jioni mimi nikiwa kazini. Utakuja kunilaumu.

Mwakani nitachukua likizo nije mimi. Naahidi.

Pole kwa mkono. Tepe nimezipata.

Kifungo

*

14 Machi

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikaikunja, nikaifungua tena nikaisoma. Sijapata usingizi mzuri tangu siku ile, na sikufichi. "Naahidi." Mwaka juzi uliahidi pia. Mwaka jana ukaahidi, nikapaka ukuta wa chumba chako rangi, chumba sasa wanalala kuku wa dada yako.

Niambie ukweli. Umefungwa? Umeacha kazi? Una mke huko na unaona haya kuniambia kwa sababu sikushirikishwa? Kama ni mke sina neno, mwambie nakuja na sura nzuri. Kama kuna mtoto ndiyo kabisa. Nimeshashona vinguo vitatu, kimoja cha kike na viwili vya kati na kati, vimelala chini kabisa ya sanduku. Kama hakuna mtoto nitawapa majirani zako.

Mimi nimejiandaa, Kifungo. Hukuniambia nijiandae? Chandarua ninacho, nimekining'iniza hapa nyumbani nijaribu kulala ndani yake, nikajiona kama keki dirishani. Dawa ya malaria nimeuliza, naijua siku ya kuanza. Mwavuli wa jua ninao, chumvi za tumbo ninazo, nakala za pasipoti dada yako amezitoa, moja iko kwenye sanduku na moja nimeishonea ndani ya pindo la gauni la safari, mwizi atafute mpaka achoke. Viza imepigwa muhuri. Kifaransa ananifundisha mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili. Anasema ulimi wangu mzito, lakini asubuhi namsalimia kwa Kifaransa naye anaitikia, kwa hiyo kuna kitu kinaingia.

Tiketi imekatwa, ndege ni tarehe kumi na nane mwezi wa nne. Nikitoka mlangoni nisikuone, nitakaa juu ya sanduku langu hapo hapo mpaka mtu aniulize mimi ni mama wa nani.

Usiponitaka niandikie hivyo, kwa herufi kubwa. Lakini usiniambie habari za nyoka. Nyoka hawajawahi kumzuia mama kumwona mwanawe.

Lete tepe.

Mama

*

27 Machi

Mama yangu, shikamoo.

Nisamehe kwa barua ile. Niliiandika siku mbaya. Sijafungwa, kazi ninayo, mke sina. Vinguo vya mtoto vilete tu, mpishi wetu mkewe amejifungua juzi na atafurahi.

Tepe hizi hapa. Nimekata zote mwenyewe, nikiwa nimekaa kitandani, na nimekata kwa uangalifu. Kila mmoja ni kipimo cha kweli, Mama. Zitandaze mezani uzitazame vizuri, mmoja mmoja.

Sasa mambo ya kufika. Ndege ikitua, hewa ya moto itakupiga usoni pale pale mlangoni; usiogope, utaizoea. Kadi ya njano iwe mkononi, siyo chini ya sanduku, maana hiyo ndiyo wanayoulizia kwanza. Kuna watu watataka kukubebea mizigo bila kuwaomba, waambie asante na uendelee kutembea. Maji ya bomba usinywe, hata ya kusukutua meno tumia ya chupa. Barafu pia ni maji, watu wengi husahau. Ukishapita forodha kuna geti, na nje ya geti watu wamejaa wanaokuja kupokea wageni, kila mtu ameinua mkono anapunga. Ni rahisi kumkosa mtu. Mimi nitakuwa karibu na nguzo, upande wa kushoto ukitoka.

Ukishazitazama tepe, kama bado unataka kuja, niandikie. Usipotaka nitaelewa.

Mwanao,
Kifungo

*

4 Aprili

Kifungo wangu,

Swali gani hilo, "kama bado unataka kuja"? Umekunywa maji ya bomba? Nimeruka barua ilipofika! Mlinzi wa ofisini aliogopa, alifikiri nimepata habari ya msiba.

Mashati nimeyamaliza. Nilikaa jana kutwa nzima, dada yako akaniletea chakula mezani nikakisahau, nzi wakala. Nimeshona mashati manne na suruali mbili, pamba safi isiyoganda mwilini, na moja lina kola kwa ajili ya siku ukienda mahali pa heshima. Kifua kimepanuka, nilijua tu. Shingo imeongezeka. Na unaniambia vile vile vya zamani!

Lakini wewe ni mtoto wa fundi kweli? Utepe wa buluu umeukata mfupi, kama mkono wa mtoto wa darasa la kwanza. Nilipouweka sambamba na ule wa njano nilicheka mpaka nikakaa. Sasa ungekuwa mteja ningekuita urudi, lakini wewe uko mbali na mimi nina haraka. Nikauweka pembeni, nikachukua ule wa njano, nikakata mikono yote miwili sawasawa. Wateja hukosea hivyo hivyo. Utepe unateleza, mtu anakata tu yaishe. Haidhuru, mama yako ameshasahihisha.

Sanduku limefungwa. Nimelifungua mara tatu kuhakikisha nimeweka vitu ambavyo nilikuwa nimeviweka. Dawa naanza kesho. Usiku silali, mchana sikai, dada yako anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Amesema nikusalimie na usisahau kuja na kofia ya kunivika kiwanjani, jua lisinipige.

Upande wa kushoto, kwenye nguzo. Nimeshika.

Mama yako, anayekuja

*

10 Aprili

Mama,

Utepe wa buluu sikuukosea.

Nimeanza barua hii mara nyingi, sasa naandika moja kwa moja bila kurudi nyuma. Sina mkono wa kushoto. Umebaki kutoka begani mpaka juu kidogo ya kiwiko. Ilikuwa msimu wa mvua, mwaka juzi, tunashusha mabomba kisimani. Glovu yangu ilinaswa na waya wa winchi, ile mashine ya kuyashushia. Mwenzangu aliyekuwa kwenye mashine alizima haraka sana, simlaumu, lakini waya ulikuwa umeshavuta. Hospitali walijitahidi. Niliamka nikiwa hivi.

Ofisini niliwaomba wasiwaambie nyumbani, nikasema nitaandika mwenyewe. Kampuni wamenihamishia stoo, nagawa vipuri, na kazi naiweza. Napika, nafua, nafunga viatu kwa meno. Meza yangu haina mguu mbovu, Mama. Karatasi haina wa kuishika, inazunguka nikiandika, ndiyo maana mistari inalala. Siku hizi naikandamiza kwa kikombe.

Kwa nini sikuandika? Kila nikikaa kuandika naisikia honi ya teksi na wewe unaniambia nirudi na inchi zangu zote. Najua ulikuwa unatania. Lakini lilikuwa neno la mwisho uliloniambia pale mlangoni, na nimekaa nalo kama ahadi niliyoivunja. Nikasema nitaandika mwezi ujao, na mwezi ujao, mpaka ikawa aibu juu ya aibu. Kisha ukaandika habari ya sindano yako, kwamba mwenye mkono mmoja ni nusu mtu. Hukujua. Niliiweka ile barua chini ya godoro na ndipo nikakuandikia habari za nyoka.

Halafu nikafikiri, kinywa changu hakiwezi, utepe utasema. Wewe unaamini kitambaa kuliko maneno ya watu. Niliubana ule wa buluu begani kwa kidevu, ukaning'inia, nikaukata pale mkono unapokoma. Nilikaa nao mapajani muda mrefu kabla ya kuuweka kwenye bahasha. Nilipopata jibu lako nilicheka kwanza, Mama, kweli nilicheka. Kisha nikalia, kwa sababu umenishonea mkono.

Sasa umejua. Nataka uje. Nilikuwa nataka tangu siku ya kwanza, ndicho kilichokuwa kinaniumiza. Lakini sitaki uje kulia mbele za watu, wala uje kunirudisha nyumbani kama mzigo uliopotea. Nina kazi yangu hapa na chumba changu. Ukiona huwezi, tiketi ibadilishwe, nitakuja mimi pole pole.

Mwanao,
Kifungo

*

17 Aprili

Kifungo, mwanangu,

Nimelia. Nakuambia wazi ili kesho usije ukanitazama macho ukajiuliza. Nimelia dukani, wateja wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga, dada yako akafunga mlango akaja akakaa chini pamoja nami kwenye vipande vya vitambaa. Yeye pia amelia, halafu akakasirika nawe kwa miaka hii miwili, halafu akalia tena. Atakuandikia mwenyewe na hatakuwa mpole.

Lile neno la nusu mtu limeshatoka, halifumuki kama mshono. Nisamehe. Mkono wangu uliuma siku tatu nikaita majirani wote waje wanionee huruma, na mwanangu amekaa misimu miwili ya mvua peke yake anafunga viatu kwa meno. Najionea haya, na haya hii nitakuja nayo, haiingii sandukuni.

Na ule utepe! Mteja mgeni akiniletea kipimo nisichokielewa, namuuliza. Wewe ukaniambia kila mmoja ni wa kweli, ukaniambia nizitazame mmoja mmoja, nami nikacheka nikasahihisha. Nimeutoa pale nilipouweka. Nimeutandaza mezani peke yake, nikaushika hivi, na kiganja changu juu yake, mpaka dada yako akaniita mara kadhaa.

Kisha nikainuka, maana nimebakiwa na leo tu. Nimefumua mikono ya kushoto ya mashati yote. Kabla ya kukata, nilimwambia dada yako anifunge mkono wangu wa kushoto mgongoni kwa kitambaa, nikavaa shati lako lile la kola. Weee! Kifungo cha kwanza nilikipata kwa shida, cha pili kilinitoa jasho, cha tatu nikamtukana aliyebuni vifungo. Nilishona nguo maisha yangu yote na sikuwahi kujua kwamba kumbe nguo zote zimeshonwa kwa ajili ya watu wa mikono miwili. Kwa hiyo nimebadilisha. Mashati yote sasa ni ya kuvalia kichwani, shingo pana, yanashuka yenyewe. Suruali nimetia mpira kiunoni, hakuna zipu ya kupigana nayo. Mkono wa kushoto nimekata kwa utepe wa buluu, nimepinda pindo safi, laini kwa ndani lisikukwaruze. Siyo wa kukunja na kubana kwa pini kama shati la kuazima. Ni mkono wako, kwa kipimo chako. Vipande nilivyovitoa vimekuwa mifuko, upande wa kulia, mahali unapofikia. Kifungo nimebakiza kimoja kimoja tu, juu ya mfuko, kikubwa, na tundu nimelilegeza. Hicho ni kwa ajili ya jina lako, wewe uliyemeza cha shati la baba yako ukiwa na miaka miwili tukakisubiri mpaka kesho yake.

Sitakurudisha nyumbani. Umeniambia una kazi na chumba, nimesikia. Nitakaa, nitaona, nitakupikia, nitakuudhi, kisha nitarudi kwenye cherehani yangu. Lakini chumba chako nimewatoa kuku. Kipo tu, hakiulizi kitu.

Nilisema urudi na inchi zako zote. Ulizo nazo ndizo zako zote, mwanangu. Sina nyingine ninazokudai.

Kadi ya njano ninayo mkononi. Dawa nameza. Hewa ya moto nimeambiwa, barafu nimeambiwa, wabeba mizigo nimeambiwa. Barua hii naipeleka ofisini jioni hii na inapanda ndege ile ile ninayopanda mimi, kwa hiyo tutafika pamoja, yeye kwenye mfuko na mimi kwenye kiti. Anayepokea mfuko wenu kiwanjani akikukabidhi yeye kwanza, soma haraka ukimbie getini.

Nitatoka nimevaa futi kamba shingoni kama nivaavyo dukani, hutanikosa. Macho yangu lakini si yale ya zamani, na umesema nje ya geti kila mtu anapunga mkono. Nitakuwa naangalia upande wa nguzo. Wote watakuwa wameinua wa kulia. Wewe inua wa kushoto, nikujue.

Mama yako